Mwenyeji wa Keringet ni nani? Mawe na mifupa yana jibu lake

Na Mwandishi Wetu

MPENZI msomaji, hebu tuanze na kuku.

Ukienda sokoni leo, iwe ni Nakuru, Nairobi au Mombasa, ukamwuliza mwuzaji bei ya kuku, naye atakuuliza swali lake kwanza: wa gredi au wa kienyeji? Ukisema wa kienyeji, jitayarishe kutoa pesa zaidi. Sote twaamini kuwa kuku wa kienyeji ndiye kuku wa kweli, kuku wa mababu, aliyekuwako tangu dunia ilipoumbwa.

La kushangaza ni kuwa kuku huyo si wa hapa. Wataalamu wanatueleza kwamba kuku wote duniani, wa gredi na wa kienyeji, ni uzao wa kuku-mwitu wa misitu ya Kusini-Mashariki mwa Asia. Kuku alifika Afrika kwa majahazi na misafara ya biashara, akapokewa, akafugwa, akazoea. Kwa ufupi, kuku wa kienyeji ni mgeni aliyekaa siku nyingi hata tukasahau kuwa alibisha hodi.

Swali ni hili: ikiwa kuku anaweza kuwa mwenyeji kwa njia hiyo, binadamu je? Mtu huwa mwenyeji wa nchi kwa kuzaliwa, kwa kufika mapema, kwa kulima, kwa hati ya shamba, au kwa damu ya mababu? Hilo si swali la kupitisha wakati kwenye kibanda cha chai. Katika nchi yetu watu wamechomewa nyumba na kuuawa kwa sababu ya jibu lake. Na ukitaka kulitazama kwa makini, hakuna mahali panapofaa kuliko Keringet.

KERINGET IKO WAPI?

Wengi wenu mnalijua jina hilo kutokana na chupa za maji ya kunywa. Wapenzi wa riadha nao wanalijua kwa sababu ndiko anakotoka Faith Kipyegon, mwanamke aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki ya mita 1,500 mara tatu mfululizo: Rio mwaka 2016, Tokyo mwaka 2021 na Paris mwaka 2024.

Ukitoka mjini Nakuru unapitia Njoro, Elburgon na Molo, huku barabara ikipanda na baridi ikizidi, hadi unapofika Keringet kwenye nyanda za juu za Mau, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ukiendelea mbele utafika Olenguruone. Upande mmoja ni mashamba ya viazi, mahindi, pareto na chai. Upande wa pili ni msitu wa Mau, ambamo huanzia mito inayolisha Ziwa Victoria, Ziwa Nakuru, Ziwa Baringo na mbuga ya Maasai Mara.

Ni mahali pa kupendeza. Lakini hapo hapo, katika sehemu za Molo na Kuresoi, watu wamefukuzana mara baada ya mara, kila kundi likisema: hapa ni kwetu, wewe ni mgeni.

UDONGO NAO NI MGENI

Kabla hatujawauliza watu, tuiulize ardhi yenyewe.

Nchi hii ya Bonde la Ufa haikuwa hivi ilivyo sasa. Wanajiolojia wanasema kwamba mamilioni ya miaka iliyopita ardhi ya Afrika Mashariki ilianza kuvimba na kupasuka kutokana na joto la chini kwa chini. Katikati ilididimia ikawa bonde. Kingo zake zikabaki juu, nao ukingo wa magharibi katika sehemu yetu ndio Mau. Katika muda huo volkano zilitapika moto na majivu, yakaanguka tabaka juu ya tabaka. Udongo mwekundu anaolima mkulima wa Keringet, ule unaotoa viazi vikubwa bila kubembelezwa, ni majivu na mawe hayo yaliyooza kwa mvua ya karne nyingi.

Kwa maneno mengine, udongo wa Keringet haukuzaliwa juu. Sehemu yake ilitoka tumboni mwa dunia, sehemu nyingine ikaletwa na upepo.

Tazama pia Menengai, lile shimo kubwa lililo juu ya mji wa Nakuru. Lina upana wa karibu kilomita 12. Halikuchimbwa na mtu. Mlima ulilipuka kati ya miaka 29,000 na 36,000 iliyopita, kwa hesabu za wataalamu, ukamwaga majivu kila upande, kisha kilele chake kikaporomoka ndani. Ikiwa palikuwa na watu karibu siku hiyo, basi nao waligeuka wakimbizi bila kufukuzwa na mtu yeyote.

Nalo Ziwa Nakuru? Miaka 10,000 hivi iliyopita mvua ilikuwa nyingi mno hata Ziwa Nakuru na Ziwa Elmenteita yakawa ziwa moja, lenye kina cha karibu mita 180. Sehemu kubwa ya mahali ulipo mji wa Nakuru leo palikuwa makao ya samaki. Anayesema babu yake aliishi hapo tangu mwanzo wa dunia, basi babu huyo alikuwa mwogeleaji hodari!

Wala ardhi haijatulia. Bamba la ardhi linaloitwa Nubia na lile linaloitwa Somalia yanaendelea kuachana, milimita chache tu kila mwaka. Mwezi wa Machi 2018, ufa mkubwa ulitokea karibu na Suswa na kuikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok, na watu wengi wakadhani kuwa Afrika imeanza kugawanyika mbele ya macho yao. Wanajiolojia kadhaa walieleza kuwa mvua kubwa ilikuwa imeyachukua majivu ya volkano yaliyojaa katika ufa wa zamani. Hata hivyo funzo ni lile lile: nchi tunayoigombea nayo imo safarini.

Na mimea je? Viazi asili yake ni milima ya Andes, Amerika Kusini. Mahindi ni ya Meksiko. Chai ni ya Asia. Pareto ni ya pwani ya Dalmatia, nchi ya Croatia. Misaiprasi inayopandwa badala ya miti ya asili ilitoka Meksiko, nayo mikaratusi ilitoka Australia. Hata kondoo, ambao kwao jina la Molo limevuma, walifugwa kwanza huko Asia Magharibi. Ukitaka wenyeji halisi, nenda msituni ukatafute mwerezi, podo na mianzi. Au kaa mezani ule ugali wa wimbi kwa managu na sagaa. Hiyo ndiyo meza ya wenyeji. Kila kinachoongezwa ni mgeni, na hakuna anayelalamika.

MIFUPA YA PANGONI

Sasa tuje kwa watu. Bonde la Ufa ni moja kati ya sehemu zenye kumbukumbu ndefu zaidi za binadamu duniani. Huko milima ya Tugen, Baringo, mwaka 2000 iligunduliwa mifupa ya kiumbe aliyeishi karibu miaka milioni 6 iliyopita. Wataalamu walimpa jina la Orrorin, lenye maana ya mtu wa mwanzo kwa Kitugen. Kariandusi, karibu na Elmenteita, kuna mashoka ya mawe ya watu wa kale mno, na baadhi yake yametengenezwa kwa lile jiwe jeusi la volkano linalong'aa kama kioo. Walioyachonga hawakuwa na kabila lolote tunalolijua.

Karibu na Njoro, mwaka 1938, Louis Leakey na mkewe Mary walichimba pango wakakuta mabaki ya watu karibu 80 waliochomwa kabla ya kuzikwa, pamoja na mabakuli ya mawe na shanga. Watu hao waliishi yapata miaka 3,000 iliyopita. Walikuwa wafugaji, nao hawakuwa na chuma.

Keringet nayo ina pango lake. Mifupa iliyopatikana humo, yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000, ilikuwa miongoni mwa mifupa ya watu 41 wa kale wa Kenya na Tanzania iliyopimwa chembechembe za urithi, zile tunazoziita DNA, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2019 katika jarida la Science.

Pengine unangoja kuambiwa kuwa watu hao wa pangoni ndio waliokuwa wenyeji safi wa nchi, damu isiyochanganyika. La! Uchunguzi ulionyesha kuwa wafugaji wa zama hizo walikuwa tayari wamechanganyika. Sehemu ya asili yao ilihusiana na watu wa kaskazini-mashariki mwa Afrika na Mashariki ya Kati. Sehemu nyingine na watu wa upande wa Sudan. Na sehemu nyingine ilitokana na wawindaji waliokuwa hapa kabla yao. Baadaye walikuja wafugaji wengine kutoka kaskazini, nao wakachanganyika na waliowakuta. Katika shamba la Deloraine, upande wa Rongai, mifupa ya mtu aliyeishi miaka 1,000 na zaidi iliyopita ilionyesha asili inayokaribiana na ya watu wanaosema lugha za Kibantu.

Tafakari hayo, msomaji. Miaka 1,000 iliyopita, kabla hajakuwako chifu, diwani wala mbunge, katika eneo hili hili la Nakuru zilikuwa zimekwisha kukutana asili za wale ambao leo twawaita Wakushi, Waniloti na Wabantu. Mchanganyiko wa watu haukuletwa na reli wala na uhuru. Umekuwako siku zote.

NGANO ZA WAZEE

Huenda mtu akasema: hayo ni ya wazungu na maabara zao, mimi nasikiliza wazee. Vyema. Tuwasikilize wazee.

Wazee wa Kipsigis husimulia safari ndefu kutoka kaskazini, kupitia Mlima Elgon. Wanasema pia kuwa palikuwa na watu wengine kabla yao, Wasirikwa, walioacha mashimo yao ya kufugia ng'ombe katika nyanda za juu. Wajaluo husimulia safari ya kutoka Sudan. Wakisii nao wanayo safari yao kupitia Mlima Elgon. Wamijikenda wanataja Shungwaya. Wameru wanataja Mbwaa, huko pwani.

Wakikuyu wanasema Mungu alimwonyesha Gikuyu nchi akiwa juu ya Kirinyaga, na kwamba yeye na mkewe Mumbi walianzia Mukurwe wa Nyagathanga. Hiyo ni ngano inayofanana na ya watu waliochipuka mahali pao. Lakini wazee hao hao hawafichi kuwa msituni walikuwamo Wagumba, watu wafupi, na pia Waathi, wawindaji. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha mwaka 1938, alieleza jinsi Wakikuyu walivyopata ardhi kutoka kwa Waathi kwa kununua na kwa kufanywa ndugu.

Kuna pia ngano ya Wamaasai, iliyochapishwa na A. C. Hollis mwaka 1905. Inasema kuwa Mungu alipokuja kuitengeneza dunia, alimkuta Mdorobo akiishi pamoja na tembo na nyoka. Mdorobo ndiye aliyekuwa na ng'ombe kwanza. Baadaye Mmaasai aliyasikia maagizo aliyopewa Mdorobo, akawahi alfajiri, naye akateremshiwa ng'ombe kutoka mbinguni kwa ukanda wa ngozi.

Umeona jambo hilo? Wamaasai walikuwa na nguvu nyingi katika bonde hili kwa miaka mingi. Ndio waliotuachia majina ya Nakuru, Naivasha na Elmenteita. Wangeweza kusema wao ndio wa kwanza, na nani angewabishia? Lakini ngano yao inakiri kuwa walimkuta mtu. Karibu kila jamii ya nchi hii inakiri hivyo. Ngano zetu ni ngano za watu waliofika, si za watu waliochipuka kama uyoga.

WALIOJIITA WATOTO WA UDONGO

Wako waliodai kuchipuka. Watu wa Athens, katika Ugiriki ya kale, walijivuna kwamba wao hawakutoka popote, na kwamba mfalme wao wa kale alizaliwa na udongo wenyewe. Mwaka 451 kabla ya Kristo walipitisha sheria iliyopendekezwa na Pericles: hakuna atakayekuwa raia isipokuwa baba na mama yake wote ni wa Athens. Watu waliohamia mjini humo waliweza kufanya biashara, kulipa kodi na hata kupigana vita, lakini hawakuruhusiwa kumiliki ardhi ila kwa idhini maalumu.

Kwa hiyo ngano ya kuzaliwa na udongo haikubaki kuwa hadithi ya jioni. Iligeuka kuwa mlango, na mlango una watu wa ndani na watu wa nje.

KARATASI ZA SERIKALI

Katika Bonde la Ufa, mlango huo ulijengwa na Serikali ya kikoloni. Reli ilipofika Nakuru mwaka 1900, ardhi ilianza kupimwa na kugawiwa walowezi. Mwaka 1904 Wamaasai walitia sahihi mkataba uliowaondoa katika bonde la kati na kuwapeleka Laikipia na kusini. Waliahidiwa kuwa mkataba huo ungedumu maadamu kabila lao lingalipo. Ulidumu miaka 7. Mwaka 1911 ulitiwa sahihi mkataba mwingine, wakahamishwa tena kutoka Laikipia.

Nako Olenguruone, jirani ya Keringet, Serikali hiyo ilianzisha makao mwaka 1941 kwa ajili ya Wakikuyu, wengi wao wakiwa wameondolewa kutoka Umaasaini. Serikali ilisema: ninyi ni wapangaji wetu, mtalima kwa kanuni zetu. Wao wakajibu: sisi ni wenye ardhi, maana tumepewa badala ya ile mliyotunyang'anya. Walikula kiapo cha umoja, kiapo ambacho wanahistoria wengi wanakitaja kuwa mojawapo ya mizizi ya Mau Mau. Kufikia mwaka 1950 walikuwa wamefukuzwa, mazao na nyumba zao zikaharibiwa, na wengi wakapelekwa Yatta, nchi ya jua kali.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963, mashamba ya walowezi yalianza kugawanywa. Baadhi ya watu walipata kupitia miradi ya Serikali, wengine walichanga pesa na kununua kupitia makampuni na vyama vya ushirika. Wakalenjin, Wakikuyu, Wakisii na wengineo wakawa majirani. Watoto wao walikaa dawati moja. Walioana. Waliuziana ng'ombe na viazi.

Kisha siasa ikaingia.

MADOADOA

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, siasa za vyama vingi ziliporudi, wanasiasa wengine walianza kuhubiri kwamba kila mtu arudi kwao. Mwaka 1992 Molo na sehemu za jirani ziliwaka moto. Kamati ya Bunge ilichunguza mwaka huo huo, na Tume ya Jaji Akiwumi ikachunguza tena kuanzia mwaka 1998, baada ya Njoro nayo kumwaga damu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Kuresoi na Molo ziliteketea pamoja na sehemu nyingine nyingi. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa nchini kote, na mamia ya maelfu wakalala kwenye mahema.

Katika miaka hiyo neno moja la Kiswahili lilipotoshwa: madoadoa. Doa ni waa dogo kwenye nguo. Binadamu mwenye jina, mke na watoto aliitwa waa, na waa ni la kufuliwa litoke. Ndipo inapofikia ile imani kwamba kuna nguo safi na kuna uchafu, kuna wenyeji na kuna wa kuja. Mtoto aliyezaliwa Molo, ambaye baba yake pia alizaliwa Molo, aliambiwa arudi kwao. Kwao ni wapi?

LAKINI WAOGIEK JE?

Hapa, msomaji mwerevu, utaniuliza: ikiwa sote ni wageni, basi madai ya Waogiek hayana maana?

La hasha. Hapa ndipo tunapopaswa kuwa waangalifu. Waogiek ndio wawindaji na warina asali wa msitu wa Mau. Ndio ambao wengine waliwaita Wadorobo, jina la dharau kwa mtu asiye na ng'ombe. Wamefukuzwa katika msitu huo tangu enzi za ukoloni, na baada ya uhuru pia. Mwezi wa Machi 2000, Mahakama Kuu ilitupilia mbali kesi ya Waogiek wa Tinet, msitu usio mbali na Keringet. Moja ya hoja za majaji ilikuwa kwamba hawakuwa wakiishi tena kama mababu zao. Kana kwamba Mwogiek akivaa suruali na kumpeleka mtoto shule, uenyeji wake unayeyuka! Mwaka 2001 Serikali ilitenga zaidi ya hekta 60,000 za misitu, sehemu kubwa ikiwa ya Mau, zikagawiwa watu.

Mwezi wa Oktoba 2009 Waogiek walipewa ilani ya kuondoka msituni. Kesi ilifika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu mjini Arusha, na tarehe 26 Mei 2017 ikaamua kuwa Kenya imevunja haki zao, zikiwemo za ardhi, dini na utamaduni. Mahakama ilisema pia kuwa Serikali haikuonyesha ushahidi kwamba ni Waogiek walioharibu msitu. Tarehe 23 Juni 2022 iliamuru walipwe fidia ya Sh157,850,000 na wapewe hati ya pamoja ya ardhi ya mababu zao. Pamoja na hayo, Novemba 2023 familia za Waogiek zilibomolewa nyumba huko Sasimwani, Narok.

Sasa tazama tofauti. Waogiek hawakushinda kwa kuthibitisha kuwa walizaliwa na udongo. Walitambuliwa kwa sababu maisha yao, chakula chao na ibada zao vimefungamana na msitu ule kwa vizazi vingi, na kwa sababu wamebaguliwa na kunyimwa. Hawakuomba jirani mkulima achomewe nyumba. Waliomba wasifukuzwe.

Uenyeji, basi, waweza kuwa ngao na waweza kuwa mkuki. Mnyonge anapousema ili asitolewe nyumbani kwake, huo ni ngao. Mwenye nguvu anapousema ili amtoe jirani yake, huo ni mkuki. Neno ni lile lile. Tazama mkono ulioushika.

LUGHA YETU ILIKWISHA SEMA

Katiba ya mwaka 2010 imelisema jambo hili kwa lugha ya sheria. Kifungu cha 39 kinampa kila raia haki ya kuingia na kuishi mahali popote nchini Kenya, na kifungu cha 40 haki ya kumiliki mali popote nchini. Kifungu cha 63 kinalinda ardhi ya jamii, zikiwemo ardhi za mababu za jamii za wawindaji. Haki hizo zimekaa katika kitabu kimoja bila kugombana. Wanaogombana ni sisi.

Lakini hata kabla ya Katiba, Kiswahili kilikuwa kimelisema. Neno mwenyeji lina maana mbili: ni mtu wa mahali, na pia ni yule anayempokea mgeni. Huwezi kuwa mwenyeji peke yako. Lazima pawe na mtu wa kukaribishwa. Wahenga wakaongeza: mgeni njoo, mwenyeji apone. Yaani mgeni haji kumla mwenyeji tu. Huja na dawa, mbegu, habari na mikono. Viazi vya Keringet ni shahidi.

Na wahenga hawakusema mgeni abaki mgeni milele. Walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hilo jembe ndilo cheti. Mtu akishika jembe, akalima, akazika wafu wake hapo na kuwazalisha watoto hapo, siku ya tatu imekwisha kupita. Methali haitaji siku ya nne ya kumnyang'anya jembe hilo.

Wazazi, likizo ijayo wapelekeni watoto Hyrax Hill mjini Nakuru, mahali alipochimba Mary Leakey mwaka 1937 na 1938, wakaone makao ya watu waliotangulia. Wapelekeni Kariandusi wakayaone mashoka ya mawe. Nanyi wanafunzi, mwulizeni babu au nyanya swali moja tu: sisi tulipofika hapa, tulimkuta nani, na alitupokea vipi? Andikeni jibu lake. Kisha mwulizeni jirani wa kabila lingine swali hilo hilo.